Maswali kwa Bibi: Wajukuu wasiotulia, kaseti za nahodha, na jina linalofichwa

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: hadithi za nyumbani, nani azisimulie na nani azipokee. Nimechagua nne. Nyingine zinakaribiana na hizi, kwa hivyo ukiikosa yako, soma ya mwenzio.

Watoto hawataki kusikiliza

*Bibi, salaam aleikum. Naishi Langoni hapa Lamu, nina watoto wawili. Mavyaa wangu anajua hadithi nyingi za kale na tenzi, na sauti yake bado nzuri. Linaloniumiza ni kuwa akianza tu, mkubwa wa miaka 12 anatazama simu na mdogo wa miaka 8 anasinzia. Mavyaa huinuka kimya akaingia chumbani. Nikiwanyang'anya simu wanakaa, lakini wamenuna. Nifanyeje?*
Mama wa Langoni

Waaleikum salaam, mwanangu. Mfikishie mavyaa wako salamu zangu kabla ya yote. Mzee anayeinuka na hadithi yake akaingia nayo chumbani ameshavunjika moyo, na asipofuatwa mapema atazoea kunyamaza.

Sasa, acha kuwaita watoto "wakae wasikilize." Wametoka shule, wametoka chuo cha Kurani, na kote huko wamekaa wakasikiliza. Sisi hatukukalishwa. Nyanya yangu, Mkomani, alikuwa akisuka ukili wa mikeka uani baada ya sala ya Isha, na kila mjukuu ana kazi yake: huyu anachana miyaa, huyu anairowesha, huyu anapima ukili uliokwisha kusukwa kwa kunyoosha mikono yake. Hakuna aliyekatazwa kuzungumza. Hadithi ya sungura na fisi ilikwisha kabla ya pima moja kutimia. Ya Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani yetu, ililala mpaka kesho, na kesho kutwa.

Kazi ya mikono ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ndiyo ninayotaka uishike. Usiku wa pili nyanya hakuendelea pale alipoachia. Alimtazama mmoja wetu akasema, "Haya, nambia wewe. Tulifika wapi?" Na aliyetazamwa alilazimika kuisimulia ya jana, mbele ya ndugu zake wote, huku mwenyewe nyanya akisuka, haingilii. Ukipotosha, anakohoa. Ukiruka jambo, anauliza: "Na wale askari, kwa nini hawakuula ule mkate?"

Kwa msomaji asiyeujua mkate huo: Liyongo alikuwa kifungoni, amewekewa walinzi, na chakula chote kizuri alichopelekewa na mama yake kililiwa na walinzi. Akamtuma mjakazi wa mama yake, Saada, kwa maneno ya wimbo, kwamba mama afanye mkate wa makapi na katikati atie tupa, kile kifaa cha kukatia chuma. Walinzi wakala vinono, mkate wa makapi wakautupia mfungwa. Kisha Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu, na ngoma na matoazi yalipopamba moto, akawa anakata minyororo na hakuna aliyesikia tupa. Mtoto wa miaka 8 akiulizwa kwa nini walinzi hawakuula mkate, usingizi unamtoka. Anajua jibu, na anataka alitoe yeye kabla kakake hajalitoa.

Mimi naamini hivi, na sijapata sababu ya kuamini vingine: hadithi huwa ya mtoto siku anapoisimulia yeye mwenyewe, mbele ya aliyempa, na aliyempa akiwa bado hai wa kumsahihisha. Aliyesikia mara mia na hakusimulia hata mara moja, ikifika zamu yake atakumbuka kwamba palikuwa na mfungwa na palikuwa na mkate, basi.

Hili si la nyanya yangu pekee. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikuwa yametimiza mwaka. Mwanzoni mwa utenzi wake anamwita bintiye asogee, akae, na aje na wino na karatasi. Siyu wakati huo ulikuwa mji wa wanavyuoni na waandishi wa misahafu, mwandishi hakukosekana. Mama yule alimtaka msichana wake, mwenye kurithi maneno, aje na zana za kazi mkononi. Kisha humo humo akawataka wanawake wote wausome. Na wameusoma. Wanawake wa Lamu wameukariri vizazi kwa vizazi, ndiyo maana hata leo ukianza ubeti mbele ya mtu mzima wa hapa huenda akakumalizia.

Basi fanya hivi. Simu usiichukue, mpe mkubwa kazi ya kumrekodi bibi yake kwa simu hiyo hiyo, na mwambie kuwa kesho yeye ndiye atakayemsimulia mdogo wake, bibi akiwepo. Mdogo mpe mbaazi za kuchambua au kunde za kumenya, cha kushika tu. Mwambie mavyaa asianze na nasaba, fulani bin fulani. Aanze na tupa ndani ya mkate, nasaba itadaiwa na watoto wenyewe baadaye. Na muombe aikate hadithi pale inapokolea. Liyongo aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba ya kitovuni, akafa amepiga goti kisimani, uta mkononi, na watu wa mji wakakaa bila maji kwa kuogopa kumkaribia, wakidhani yu hai. Kata hapo, kabla mama yake hajaitwa kumsihi. Halafu mwende mkalale.

Usitarajie usiku wa kwanza uwe mzuri. Mkubwa atasimulia vibaya, atacheka kwa haya, atasema "sijui, nimesahau." Mavyaa asimsimulie tena upya. Amuulize swali moja tu, angoje.

Kaseti za babu na karatasi za kale

*Bibi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Malindi. Marehemu babu alikuwa nahodha wa jahazi, na ami yangu alimrekodi katika kaseti nyingi akieleza safari zake za Lamu, Mombasa, Unguja na hata Arabuni. Kaseti zimeanza kuota ukungu. Pia tumerithi kasha lenye karatasi za maandishi ya Kiarabu, nyingine zimeliwa na wadudu. Kuna mtu anataka kulinunua kasha na vilivyomo. Nishauri.*
Mjukuu wa nahodha

Marahaba, mwanangu. Usiuze. Mtu akitaka kasha kwa sababu ya kasha, basi litoe tupu, ukipenda. Karatasi zibaki.

Kaseti zenye ukungu usizitie kwenye redio sasa hivi. Ukungu unahamia kwenye mashine, kutoka kwenye mashine unahamia kwenye kaseti zilizo safi. Zitoe pwani pa chumvi na unyevu, ziweke mahali pakavu penye hewa, si juani. Tafuta fundi wa redio anayejua kaseti, azisafishe, na kabla ya kupigwa kila moja izungushwe taratibu kwa mkono mpaka mwisho na irudishwe, ili utepe ulegee usikatike. Kisha sauti ipitishwe kwa waya kutoka kwenye redio mpaka kwenye kompyuta. Msiweke simu mbele ya spika, mtarekodi na pikipiki za njiani. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, kwa sababu nyumba moja inaweza kuungua.

Andika siku hiyo hiyo unaposikiliza: nani anasema, nani anauliza, ametaja bandari gani, pepo gani, nani walikuwa mabaharia wake. Sauti isiyo na jina itakuwa sauti ya mzee tu kwa wajukuu zako.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na ndiyo watu wengi huikimbia. Chukua kaseti moja, nenda nayo kwa wazee waliosafiri, Malindi kwenu au hapa Matondoni ambako vyombo bado vinaundwa, isikilizeni pamoja. Babu yako atataja sehemu za chombo, foromali, tezi, omo, ngama, na kila neno litakuwa na mtu wa kukushika mkono akuonyeshe penyewe. Wanafunzi wetu wanajua kuandika kwenye mtihani kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wengi wao hawajapata kuingia ngamani, chini ndani ya chombo, wakafua maji yaliyoingia. Babu yako alifua. Atakueleza alivyongoja kaskazi, alivyongoja kusi, chombo kikiwa kimesheheni boriti za mikoko, na wewe usipoeleweshwa na aliyefanya kazi ile utabaki na sauti tamu usiyoifahamu. Ukishaelewa safari moja, isimulie wewe barazani mbele ya wazee hao hao. Watakurekebisha papo hapo, na kwa ukali. Vumilia.

Karatasi: usizitie plastiki ya moto, usizibandike selotepu, gundi yake inakula karatasi na kuacha doa la kudumu. Zipige picha mchana, kwenye mwanga wa dirisha, bila taa ya simu. Zifunge kwa kitambaa safi cha pamba, ziwekwe mbali na sakafu. Kisha mtafute anayesoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mara nyingi watu hudhani kila kilichoandikwa hivyo ni dua, kumbe ndani mna deni la mtu, hesabu ya nazi, barua ya mke kwa mume aliyekuwa Mombasa, au utenzi usiokamilika. Makumbusho ya hapa Lamu wana uzoefu wa kutunza vitu kama hivi. Nenda ukaulize kabla hujagusa zile zilizoliwa zaidi.

Bibi wa bibi yangu

*Bibi, nakuandikia kwa siri. Kabla ya kufa, bibi yangu aliniambia kuwa bibi yake yeye alikuwa mjakazi, aliletwa Malindi akiwa mtoto kutoka upande wa Nyasa. Alinitajia jina lake. Pia alinifundisha wimbo wa kubembeleza watoto ambao nusu ya maneno hakuna anayeyajua nyumbani. Shangazi zangu wameniapiza nisiseme, kwa sababu binti ya mmoja wao anaposwa. Nami nina binti wa miaka 10 ambaye kila siku ananiuliza sisi tumetoka wapi.*
Msomaji, Malindi

Mwanangu, barua yako nimeisoma na kuirudia, na nakushukuru kwa kuniamini.

Hadithi hii hukuiiba. Bibi yako alikuwa na watoto, alikuwa na wajukuu wengine, akakuchagua wewe, akatamka na jina. Mtu anayekaribia safari ya mwisho hatamki jina bure. Kwa hivyo la kwanza ninalokuambia: unayo ruhusa, na aliyekupa ni mwenye mali.

Shangazi zako nao usiwaone wabaya. Wamekulia katika miji ambayo mtu aliulizwa ukoo wake kabla ya kuulizwa hali, na wengine walikoseshwa ndoa kwa jibu. Woga wao una historia. Malindi ilipofufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba ya mtama na ufuta yaliyoizunguka yalilimwa na watumwa kwa maelfu, na wengi wao walikuwa wametekwa huko huko alikotajwa bibi yenu, nchi za Ziwa Nyasa. Sheria ya kuufuta utumwa kwenye pwani yetu ya Kenya ilikuja mwaka 1907 tu. Watu walioachwa huru mwaka ule wana wajukuu walio hai leo. Hawakutoweka. Walioa, waliolewa, walijenga, walisoma, wamo katika kila mtaa wa pwani hii, na nyumba nyingi zinazojiona hazimo, zimo.

Hata hadithi ya Liyongo niliyoitaja juu inasimama kwa mjakazi. Liyongo alikuwa na nguvu, mama yake alikuwa na akili, na wote wawili hawakuwa na njia ya kufikiana ila Saada. Alikwenda na chakula akarudi na ujumbe, maneno ya wimbo yote kichwani, mbele ya walinzi wenye silaha. Angesahau ubeti mmoja, au angeogopa, Liyongo angeuawa kule kule ndani. Washairi hawakuona aibu kulitaja jina lake. Nyanya yangu ukimsahau Saada alikusimamisha uanze upya.

Fanya kwa utaratibu. Posa isubiri ipite salama. Huna haja ya kulitangaza kwenye shughuli ya mtu. Kisha mwendee shangazi mmoja, yule aliye laini zaidi, peke yenu, na usimwambie "nataka kusema." Muulize: "Alipenda kupika nini? Alizikwa wapi? Alikuwa mrefu?" Mimi nadhani utashangaa ni mangapi anayajua. Mtu anayekataza jambo mara nyingi ndiye aliyelisikia vizuri kuliko wote.

Binti yako mwambie sasa. Miaka 10 ni umri wa kutosha kujua kwamba mtoto mwenzake alichukuliwa kwao kwa nguvu, akaishi, akalea. Mtajie jina. Usianze na neno mjakazi. Anza na jina, kisha alikotoka, kisha waliomfanyia hivyo, na uliseme wazi kuwa ilikuwa dhuluma na kuwa waliofanya walikuwemo watu wa hapa hapa kwetu. Mtoto akikuuliza kama wa kwetu nasi tulikuwa na watumwa, na jibu unalijua, mjibu. Familia za pwani zinaweza kuwa na pande zote mbili katika nyumba moja.

Na ule wimbo! Mfundishe kama ulivyofundishwa, maneno msiyoyajua myaache yalivyo, msiyanyooshe yakawa Kiswahili ili yaeleweke. Mrekodi binti yako akiimba, wewe ukiimba, shangazi akikubali naye aimbe. Halafu tafuta mtu asemaye Kiyao au Kinyanja, asikilize. Pengine ataling'amua neno moja, la mama au la mto au la mtama. Pengine hatang'amua. Wimbo uendelee kulaza watoto.

Mchana au usiku?

*Bibi, mimi mvuvi wa Shela. Usiku niko baharini, nyumbani niko mchana. Wanangu wananidai hadithi, lakini mama yangu anasema ukisimulia paukwa mchana utaota pembe. Sitaki kumvunjia heshima. Nifanye nini?*
Baba Omari

Mama yako umtii. Paukwa pakawa mwachie yeye, usiku, ndio ufalme wake, na wanao watafaidi.

Wewe una hadithi nyingine ambazo hawezi kuzisimulia mtu mwingine nyumbani, na hizo hazina mwiko wa jua. Unapotoka, unaujuaje mwamba wa changu ulipo na bahari yote rangi moja? Unafuatisha alama mbili za nchi kavu, mnara na mnazi, kilima na nyumba, zikipandana ndipo unapotia nanga. Nani alikuonyesha? Babako, bila shaka, naye alionyeshwa na wake. Bamvua na maji mafu, bahari inapojaa sana na inapojaa kidogo, unavihesabuje kwa mwezi? Ile siku upepo ulipogeuka ghafla, mlifanya nini, nani alishika usukani?

Wapeleke ufukweni adhuhuri ikishapoa, maji yakiwa yametoka, uwaonyeshe alama hizo kutoka nchi kavu. Kisha siku ya pili usiwaonyeshe. Waambie wakuonyeshe wao. Na kama Omari ana dada, naye aje.